Lango la boksi na mkasi wa baba

Boksi tupu halikosekani Tinde. Pale njia panda, malori ya kwenda Kahama yanapoachana na ya kwenda Shinyanga, kila duka lina maboksi yamerundikwa nyuma. Moja la sabuni latosha kujengea lango la mji wa kale.

Picha za vitabuni mara nyingi ni za Warumi, kama lango la Porta Nigra la mji wa Trier, Ujerumani, lililosimama tangu karne ya 2. La karibu na sisi ni la Gede, jirani na Malindi, Kenya, mji wa Waswahili uliozungukwa na ukuta na kuhamwa karne ya 17. Mlango wa kasri lake una tao lililochongoka juu, la mawe ya matumbawe na chokaa.

Kulichora ni rahisi. Mlango uwe na upana wa sentimeta 10. Penseli ifungwe kwenye uzi wa sentimeta 10. Ncha ya uzi ishikwe pale tao linapoanzia kulia, penseli izungushwe, kisha vivyo hivyo kushoto. Mistari itakutana yenyewe karibu sentimeta 9 juu. Ukanda wa kupinda ndani ya tao ukatwe mifereji ya boksi ikikatiza upana wake, la sivyo utavunjika. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano.

Sasa, akina baba. Mtu amefika Ijumaa kutoka machimbo ya Geita, Jumapili ana basi. Binti anakata upindeupinde, baba anamnyang'anya mkasi ili kazi iishe. Inaisha, tena inapendeza, ila mtoto kashaenda kuruka kamba. Siku mbili zenyewe ndizo hizo!

Mwachie mkasi. Atauliza kwa nini mlango wa nyumbani hauna tao. Mweleze kwamba juu yake kuna linta ya zege na nondo. Jiwe huvumilia kukandamizwa, lakini likilazwa juu ya uwazi mpana hukatika. Tao hupeleka uzito pembeni, ukutani.

Mtoto aliyeelewa hilo hachelewi kuuliza la pili: "Na kule shimoni kwenu, baba, juu kunashikiliwa na nini?" Hapo gundi isubiri. Baba amweleze matimba yanavyosimikwa, nani huyakagua, na siku gani yeye hukataa kushuka.