Kutoa Lock Kila Asubuhi: Pombe Imemwagwa, Lakini Beshte Yako Bado Anatetemeka

Unamjua. Kila mtaa uko naye, kila mbogi iko naye. Ni yule msee ambaye Jumatatu saa mbili asubuhi mkono wake unatetemeka hadi chai inamwagika. Akipiga moja tu, mkono unatulia, macho yanafunguka, anaanza kuchekesha watu. Nyinyi mnasema "ametoa lock", mnacheka, kila mtu anaenda job yake.

Sasa skiza. Ukiona mtu anatoa lock kila siku, hiyo si hangover ya furahiday. Madaktari huiita utegemezi wa pombe. Yaani mwili umezoea kukaa na tei hadi ikikosekana, unagoma.

Na huyo msee hayuko peke yake. Utafiti wa NACADA wa 2022, uliohusu Wakenya wa miaka 15 hadi 65, ulipata karibu milioni 3.2 wanakunywa. Huyo ni mmoja kati ya kila wanane. Zaidi ya milioni 1.3 walikuwa wamefika pale pombe inahesabiwa kuwa ugonjwa. Hao wanaweza kujaza Kasarani zaidi ya mara ishirini.

Sirikali inapigana na chupa

Hapa Kenya huwa tunaamka tukishazika. Mwaka 2000, kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 pale Mukuru kwa Njenga. Mei 2014, zaidi ya 80 wakaenda Embu na kaunti zingine. Februari 2024, kijiji cha Kangai kule Kirinyaga kikazika watu wasiopungua 17.

Baada ya hapo unajua vile huenda. Karao wanaingia, mitungi inamwagwa mbele ya kamera, baa zinafungwa. Baada ya Kirinyaga, Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza hatua 25 kwa mpigo. Julai 2025 ikaja sera mpya: umri wa kununua pombe utoke 18 hadi 21, na isiuzwe supamaketi wala kwa mtandao. Watu wakawaka moto huko X hadi NACADA ikabidi ieleze kwamba hiyo ni sera tu, bado si sheria.

Sera yenyewe inaongea pia kuhusu matibabu, lakini nani aliskia hiyo? Sisi tulibishana 18 ama 21 wiki nzima.

Usinielewe vibaya. Kumshika muuzaji wa sumu ni sawa kabisa. Methanoli ikiingia mwilini inageuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Ndio maana wanaobaki hai wengine huamka vipofu. Lakini jiulize: asubuhi baada ya msako, yule beshte yetu anafanya nini? Baa imefungwa, na mkono bado unatetemeka. Ataingia uchochoroni atafute yoyote ile, kwa bei yoyote, kutoka kwa mtu yeyote. Pombe imemwagwa, kiu imebaki.

"Si aache tu?"

Hii ndio swali kila mtu huuliza, hata mathe wake.

Chukulia ubongo kama dere wa mathree. Pombe ni breki, inapunguza spidi ya ubongo. Ukikanyaga breki kila siku, miaka na miaka, dere anazoea kukanyaga mafuta zaidi ndio gari liende. Siku breki inaachiliwa ghafla, mafuta bado yako chini. Gari linaruka.

Ndio hapo unaona jasho, mitetemo, moyo unakimbia, usingizi hakuna. Kwa wengine inakuja kifafa, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine wanaanza kuweweseka, wanaona na kuskia vitu havipo. Hali hiyo inaweza kuua.

Soma hapo tena, juu kuna familia zinafanya hii makosa kwa mapenzi. Zinamfungia kijana kwa keja ama zinampeleka ocha "akauke". Kama mtu amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, asikatishwe ghafla bila daktari. Hospitali wako na dawa za kutuliza ubongo polepole na vitamini B1 ya kuulinda. Hizo siku chache zikipita salama, kazi ya kupona inaanza.

Jibu lilitoka Eldoret

Wengi wakiskia matibabu wanafikiria rehab ya geti kubwa na doh ndefu. Lakini kuna utafiti ulifanywa hapa kwetu, Eldoret, na watu hawauongelei.

Watafiti walichukua wagonjwa wa HIV waliokuwa wanakuja kliniki na bado wanakunywa. Tunaongea chang'aa na busaa, si wiski ya Westlands. Wakawapanga kwa vikundi, kikao kimoja kwa wiki, wiki sita. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa hiyo kazi. Lugha ilikuwa Kiswahili.

Tiba ya aina hii ni mazungumzo yenye mpango. Unajifunza ni nini hukusukuma kwa chupa: ni mshahara, ni stress, ni base fulani? Unajifunza kukataa bila kupoteza marafiki, na nini utafanya kiu ikija usiku.

Majaribio ya kwanza, yaliyochapishwa 2011, yalikuwa na watu 75. Baada ya miezi mitatu, asilimia 69 ya waliopitia vikao walisema hawakuwa wameguza pombe. Kwa wale wa huduma ya kawaida ya kliniki ilikuwa asilimia 38. Wakarudia na watu 614, wakachapisha 2021, na bado wale wa vikao walipunguza pombe kuliko wenzao.

Haikuwa miujiza, na si kila mtu aliacha. Lakini angalia hesabu: wiki sita, chumba, viti, na mtu aliyefunzwa. Tangu 2023 nchi hii iko na wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaotembea nyumba kwa nyumba. Ukiwafunza hata sehemu yao hii kazi, matibabu yanafika mtaani kabla ya karao. Hiyo ndio maswali ya kumuuliza MCA na gavana wako, si 18 ama 21 peke yake.

Vikundi vya AA navyo viko Kenya na havilipishwi. Mwaka 2020 wataalamu walipima tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakapata kwamba kwa kumsaidia mtu akae bila pombe kabisa, njia hiyo haishindwi na tiba zingine, na mara nyingi inazishinda. Pia kuna dawa za kupunguza kiu, uliza daktari. Na mtu akiteleza mwezi wa tatu, hajarudi mwanzo. Hata mgonjwa wa sukari hupandisha sukari. Hafukuzwi kliniki.

Wewe je?

Jiulize bila kudanganya. Ukianza, unaweza kusimama? Unahitaji moja asubuhi ndio uwe sawa? Kuna mtu amekuambia upunguze na ukakasirika? Kama jibu linakuuma, piga 1192, laini ya NACADA, haina malipo.

Na Jumatatu ukimwona yule msee na kikombe kinacheza mkononi, usicheke. Kaa naye chini, muulize amelala aje. Halafu mwambie mtaenda pamoja, juu watu wengi hawaogopi daktari. Wanaogopa kuonekana wakienda peke yao.