Kidume huyu wa Tanganyika anabeba mimba mdomoni!

Leo naomba tuachane kidogo na habari za nani kamwacha nani, twende ziwani. Usigune, utaona tunakofika.

Sisi wa Mpanda ukitutajia Ziwa Tanganyika tunawaza sahani tu: migebuka, kuhe, dagaa. Lakini mle mle ziwani, kwenye mawe ya ufukweni yanayopigwa na mawimbi, kuna samaki mdogo ambaye hakuna mama ntilie atakayehangaika naye. Hafiki hata sentimita 10. Wataalamu wanamwita Eretmodus.

Sura yake kichekesho. Kichwa kikubwa, pua imeinama kama anatafuta shilingi iliyodondoka, mdomo uko chini, na mwilini ana madoa ya buluu. Wenzake wanaelea, yeye kifuko chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo anatua chini na kurukaruka jiwe hadi jiwe kama chura. Msimcheke, ndio ujanja wake. Maji yale hayatulii, ukielea ovyo wimbi linakubamiza. Kutwa nzima kazi yake ni kukwangua utelezi wa kijani juu ya mawe, meno yamekaa kama patasi.

Haya, sasa tuchungulie chumbani. Bwana huyu ana mke mmoja, na eneo lao wanalilinda wote wawili. Jike akitaga anayaokota mayai na kuyaweka mdomoni. Anakaa nayo siku kama 10 hivi, kula kwenyewe kwa taabu. Halafu anautema mzigo mbele ya mumewe! Mume anaupokea, anajaza mdomo wake, na kulea mpaka watoto waweze kujitegemea. Mama huyoo, anarudi kwenye msosi.

Watu wa pwani nao wana bingwa wao, samaki mwembamba kama mrija, ndugu yake farasi wa baharini, anayejificha kwenye majani ya bahari. Huyo jike anamkabidhi dume mayai yote, na dume ndiye anayetembea nayo chini ya mwili wake hadi yaanguliwe. Mkali, lakini mimi nampa namba mbili. Wa kwetu amenikuna zaidi kwa sababu wanapokezana.

Kwa nini nawachosha na samaki? Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulituweka Katavi namba moja nchini: kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Nchi nzima ilikuwa 27. Basi maneno yakawa juu ya mabinti, mara wana tamaa, mara chipsi zimewaponza. Sikusikia anayehesabu vidume.

Jamaa mmoja niliyesoma naye alipigiwa simu kwamba mambo yameharibika, kesho yake alfajiri akadandia lori kwenda machimboni. Mtoto sasa anatembea. Jamaa akija mjini anatutambia kijiweni kwamba yeye ni kidume cha mbegu, na washkaji wanamgongea tano!

Mwaka 2021 serikali iliruhusu mabinti waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule. Safi sana. Lakini binti akiingia darasani, mtoto anabaki na nani? Mtaani kwetu anabaki na bibi, ambaye naye ana shamba lake la mahindi linamsubiri.

Najua mtaniambia maisha magumu, kijana mwenyewe hana hata nauli, atampa nini mtoto? Sawa, kaka. Na yule wa ziwani mdomo ukishajaa watoto hali vizuri, anarukaruka na njaa yake huku mawimbi yanampiga. Tena mashavu yamevimba, ziwa zima linajua baba ni nani.