Hesabu za Wauza Kamera

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kati ya mwaka 2005 na 2015 hakuna kilichojitembeza katika maduka ya mijini kama ile namba iliyobandikwa kwenye kamera ndogo za dijitali. Megapikseli 10! Megapikseli 16! Megapikseli 20! Muuzaji aliinadi kama mtu wa mitumba, na mnunuzi alitoa fedha akiamini kuwa namba ikipanda na picha itapendeza. Sasa baadhi ya vijana, waliochoshwa na simu, wamerudi kuzisaka kamera zilezile za mfukoni, na swali lao ni lilelile la kale: ina megapikseli ngapi? Nasema swali hilo ni la kipuuzi, tena limetugharimu.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana wauzaji hawaipendi. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya albamu, ya sentimita 10 kwa 15, ikichapwa vizuri kabisa kwa nukta 300 katika kila inchi, inataka megapikseli mbili na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 unataka kama 9. Zinazobaki ni za nini? Nani kati yetu amewahi kutundika ukutani picha yenye ukubwa wa mlango?

Kamera nyingi za aina hiyo zina sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali ilipokaa filamu zamani, chenye upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 4.5. Fremu ya filamu yetu ya milimita 35 ilikuwa milimita 36 kwa 24. Zidisha mwenyewe: eneo la filamu lilikuwa kubwa mara 30. Ukishindilia nukta milioni 20 katika kishamba hicho, kila milimita ya mraba inabeba zaidi ya nukta laki saba, na kila nukta inaambulia mwanga kiduchu. Darasa la watu 40 ukilijaza watu 150, hujaongeza elimu. Juani hutaona tofauti kubwa. Ingia bwaloni jioni, ISO ipande hadi 1600, ndipo utaona chengachenga. Na kamera ikijitahidi kuzifuta, inafuta pamoja nazo nywele na mikunjo ya nguo, watu wakabaki kama sanamu za nta. Canon wenyewe walilikubali jambo hili kwa vitendo: kamera yao ya PowerShot G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7, na iliyoifuata mwaka 2009, G11, ikashushwa hadi 10. Nayo RX100 ya Sony, ya mwaka 2012, ilikuwa na megapikseli 20, lakini sensa yake ilikuwa na eneo mara nne ya zile ndogo. Muuzaji wa mtaani hakukueleza hilo. Yeye aliona 20 na 20.

Hata hivyo, ghadhabu yangu haitokani na chengachenga. Mwaka 2013 nilialikwa kwenye mahafali ya chuo cha ualimu nilichokuwa nimekiongoza kabla ya kustaafu. Kamati ilikuwa imenunua kamera mpya ya megapikseli 16, ikajivunia. Wahitimu walipangwa mbele ya jengo lililopakwa chokaa, saa saba mchana, mashati meupe. Picha ilipotoka, chokaa ilikuwa safi, vifungo vya mashati unaweza kuvihesabu, nyuso hazipo. Binti mmoja wa safu ya nyuma alifariki mwaka uliofuata. Baba yake alifunga safari kuja kwangu kuuliza kama ninayo picha nyingine ya siku ile, kwa sababu katika ile aliyopewa mwanawe alimtambua kwa mahali aliposimama. Sikuwa nayo.

Sababu yake haina uchawi. Kipima mwanga cha kamera hakimjui mtu. Hukusanya mwanga wote ulio mbele yake na kuulazimisha uwe wa wastani, kijivu cha katikati. Chokaa na mashati yakizidi, hupunguza mwanga, na mwenye ngozi nyeusi anazama gizani. Dawa ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: ukisogeza hadi +1, mwanga unaongezeka maradufu. Au uwashe flashi mchana kweupe, jambo ambalo mafundi wetu wa studio walilijua tangu enzi za filamu. Katika kamera ya kamati kitufe hicho hakikuwapo; mpangilio wake ulifichwa ndani ya menyu, ilhali fremu za maua na kopakopa zilikuwa mbele kabisa.

Wapo watakaosema kosa ni la mpiga picha. Basi wanieleze hili. Kwa miongo kadhaa Kodak walipeleka katika maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alieleza mwaka 2009 kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni kurekebisha filamu yalikuwa ya watengeneza samani na chokoleti. Mbao na peremende zilipata wakili mapema kuliko sisi! Mwaka 2021 Google walitangaza simu iliyorekebishwa makusudi kwa ngozi nyeusi, kumbe inawezekana. Nazo simu nyingine zinang'arisha uso bila kuulizwa, na wajukuu wanaona fahari. Hilo nitaliandikia siku nyingine nikiwa nimetulia.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri, simwambii namba. Namwambia aende dukani na ndugu yake aliyevaa shati jeupe, amsimamishe mlangoni, mwanga wa nje uwe nyuma yake, ampige picha mbili, moja kamera ikijiamulia na moja akiwa ameongeza mwanga mwenyewe, kisha ahesabu amebonyeza mara ngapi kufika hapo. Aitazame picha kwa ukubwa, usoni, asitazame vifungo. Muuzaji akikataa kamera isitolewe kwenye boksi, maduka ni mengi.