Malori Yapite, Ngoma Isipite?

Kila kinachopita Ipogolo, mjini Iringa, kina karatasi zake. Malori ya mafuta yaliyopandisha mlima Kitonga kuelekea Lusaka na Lubumbashi yana karatasi. Shaba inayoteremka kwenda bandari ya Dar es Salaam ina karatasi. Magari ya IT, yanayopita tu nchini na kukimbizwa kuwahi Tunduma, nayo yana zake, zimepangwa kwenye bahasha juu ya dashibodi. Serikali zetu zimeketi miaka na miaka kuhakikisha mafuta, shaba na vyuma vinavuka mpaka.

Kikapu cha milulu hakikufikiriwa na mtu.

Nasema hivyo kwa hasira, na sababu ninayo. Mama wa Iringa anayesuka vikapu akiamua kuvipeleka Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki imemwekea njia: akifika Namanga na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anajaziwa cheti chepesi cha uasili hapo hapo mpakani, na kikapu chake kinatambuliwa kuwa ni cha Afrika Mashariki. Sasa mama huyo huyo ageuze uso kusini, aelekee Tunduma, ambako ni karibu zaidi na kwake. Cheti kile hakimsaidii, maana Zambia haimo katika Jumuiya. Zambia na Malawi zina utaratibu wao wa wafanyabiashara wadogo chini ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Huo nao haumhusu, kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Iliyobaki kati ya jumuiya za kanda ni SADC, ya nchi za kusini mwa Afrika, na karatasi zake mtu akizisoma anaona wazi ziliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza makampuni na makontena. Msusi mwenye vikapu ishirini mgongoni hakuwemo katika mawazo yao.

Na kinachouma ni kwamba halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya ususi vinahimizwa vikope. Tunamkopesha mtu fedha asuke, kisha soko la jirani tunamfungia, halafu mwisho wa mwaka tunamfuata atulipe deni!

Asiniambie mtu kwamba mambo haya ni magumu. Bomba la TAZAMA lilianza kusukuma mafuta hadi Ndola mwaka 1968. Kati ya 1970 na 1975 reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilitandikwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipasua nyanda hizi hizi za Makambako na Mbeya. Mwaka 2019 marais wa Tanzania na Zambia walisimama pamoja Tunduma na Nakonde kufungua kituo cha forodha cha pamoja. Nchi zilizoweza kupitisha reli milimani haziwezi kukubaliana juu ya fomu ya ukurasa mmoja?

Kibaya zaidi, zamani sanaa ilivuka bila kuomba ruhusa kwa mtu. Beni ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, askari na wapagazi waliibeba hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kule haikubaki ilivyokuwa. Kando ya Ziwa Nyasa ikageuka malipenga na mganda, vibuyu vikishika nafasi ya tarumbeta za wazungu. Kwenye migodi ya shaba ikachangia kuzaa kalela. Mganda ukapigwa na upande wetu wa ziwa pia, na mpaka leo wazee wa mwambao huo hawaoni kwamba ni ngoma ya kigeni. Watu waliokuwa chini ya wakoloni, bila pasipoti na bila wizara ya utamaduni, walijenga ngoma ya nchi nne. Sisi wenye bendera na mabalozi tumejenga nini?

Tazama la Mwinoghe. Desemba 2020 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa jina la Malawi peke yake. Ni ngoma ya furaha, wanaume na wanawake wakipanga mistari miwili wakitazamana, na miongoni mwa wenyewe wanaotajwa ni Wandali. Mtu yeyote wa Mbeya au Songwe akisikia jina hilo anajua linakwenda wapi. Wandali wamejaa Ileje, upande wetu wa mpaka! Mto Songwe uliofanywa mpaka na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 uliwakuta wapo pande zote mbili, wakioana na kuzikana, na bado wanaoana na kuzikana.

Siwalaumu Wamalawi hata kidogo. Walifanya kazi yao, wakaiandika, wakaitetea. Nawauliza maofisa wetu wa utamaduni: nani alivuka kwenda Chitipa, upande wa Malawi, kuuliza? Nani aliwakalisha wazee wa Ileje akaandika ngoma zao, zinazofanana na zisizofanana na za ng'ambo? Mlango haujafungwa, maana utaratibu wa UNESCO unaruhusu urithi ulioandikwa na nchi moja upanuliwe na nchi nyingine ijiunge. Gule Wamkulu iliandikwa kwa pamoja na Malawi, Msumbiji na Zambia. Mwaka 2021 Kinshasa na Brazzaville, miji inayotazamana juu ya mto na yenye ugomvi wa muda mrefu kuhusu nani mwenye rumba, ilikwenda na jalada moja na rumba ikaandikwa kwa majina ya nchi zote mbili.

Sisi macho yote yako kaskazini. JAMAFEST, tamasha la Jumuiya, limefanyika Kigali, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura, na ni jambo jema, liendelee. Lakini kwa mcheza ngoma wa Kyela, Karonga ni safari ya asubuhi na kurudi jioni, na tamasha hilo haliwezi kufika huko kwa sababu Malawi si ya Jumuiya. Itifaki ya SADC ya utamaduni, habari na michezo ilitiwa saini Blantyre mwaka 2001. Naomba mkuu yeyote wa mkoa, Iringa, Mbeya au Songwe, anitajie kikundi kimoja cha wilayani kwake kilichovuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi kwa nguvu ya itifaki hiyo.

Wapo wanaosema tukifungua watatuibia. Huo ni woga unaotugharimu. Sanaa ya Wahehe ilikwisha kuchukuliwa kabla hatujafungua mlango wowote: mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi ligombo, ala ya nyuzi ya Uhehe, na hazina yake ya kanda leo imehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Wenye hazina hiyo wamewahi kuwarudishia Wakipsigis wa Kenya nyimbo za wazee wao, kwa kushirikiana na Wakenya waliokuwa tayari kupokea. Asiyekuwa na ushirikiano hana hata wa kumdai.

Kwa hiyo nadai. Wizara ya Viwanda na Biashara izungumze na Lusaka na Lilongwe juu ya orodha fupi ya kazi za mikono, vikapu, vinyago, ngoma na marimba, zivuke Tunduma na Kasumulu kwa cheti chepesi kama cha Namanga. Ofisi ya Hakimiliki iketi na wenzao wa hakimiliki, COSOMA ya Malawi na ZAMCOPS ya Zambia, ili wimbo wa kijana wa Mbeya ukichezwa redioni Mzuzu, fedha zake zimfikie. Na Ileje na Chitipa wapewe gari moja, kinasa sauti na mwaka mmoja wa kukaa na wazee wa pande zote mbili za Songwe. Kazi hiyo ya mwisho iingie katika bajeti ijayo, kwa sababu wapigaji wenyewe ni wazee, na kila mwaka wa fedha unaopita tunazika wengine.