Kabla hujauza redio mbovu kwa kilo

Kwenye stoo za nyumba nyingi lipo boksi ambalo baba hataki litupwe: redio kaseti, deki isiyowaka, nyaya zilizosokotana kama tambi. Pembeni kuna TV ya kichogo. Likizo ikifika watoto wanalifumua, maana wameshasikia shaba ina bei.

Ni kweli, ina bei. Ila mnunuzi wa chuma chakavu anaangalia kilo tu. Kwenye mizani yake transfoma nzima na iliyoungua ni mamoja. Fundi redio hununua kwa kipande: transfoma inayofanya kazi, transista kubwa zilizobanwa kwenye bati la kupoozea, spika ambayo karatasi yake haijachanika. Mpelekee kwanza kifaa kizima, akipime kwa mita mbele yako. Atakachokataa ndicho kiende kwenye mizani. Kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vyenye mstari ubavuni, usitarajie kitu. Hukauka ndani kadiri miaka inavyokwenda, hata kama havikutumika. Na dhahabu ya kwenye bodi ipo, lakini ni utando mwembamba mno. Anayekuahidi utajiri kutoka kwenye deki moja anakuchekesha.

Waya ukwaruze kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa.

Kilicholeta habari hii kwenye ukurasa wa familia ni moto. Waya wenye plastiki una bei ndogo kuliko shaba tupu, hivyo watoto wanauchoma. Moshi wake unaweza kubeba dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi. Isitoshe, shaba iliyoungua hugeuka nyeusi na wanunuzi wengi huishusha daraja. Iliyomenywa kwa kisu, tena na mtu mzima, hupata bei nzuri zaidi.

Kuna pia madini ya risasi. Lehemu ya vifaa vya zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Umoja wa Ulaya ulianza kuidhibiti kwenye vifaa vipya Julai 2006, na redio zetu nyingi za stoo ni za kabla ya hapo. Kioo cha TV ya kichogo nacho kina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima kwa kiasi kilekile walichomeza. Inaharibu ubongo, mara nyingi kimyakimya. Kwa hiyo kioo kile kisivunjwe nyumbani, hata kwa ajili ya koili ya shaba iliyo shingoni mwake. TV hiyo inaweza pia kuhifadhi umeme mkali ndani hata ikiwa imechomolewa. Iuze nzima.

Betri ya simu iliyovimba isiingie kabisa kwenye boksi hili. Ikitobolewa inaweza kuwaka. Iweke mahali pa saruji, mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, mpaka umfikishie fundi simu.