Kosa si la vidole vya mtoto: vitufe vya michezo ya zamani bado vinasumbua

Katika nyumba za kuchezea PlayStation, Goma hata Bukavu, jambo moja hurudia kila siku. Kijana anakuja mara ya kwanza, analipa franga zake, anapewa maneti na mechi inaanza. Anafika mbele ya goli, yeye na kipa tu. Anabonyeza kitufe cha duara ili apige. Badala ya shuti, mpira unainuka na kupita upande wa pili. Wenzake wanacheka, dakika zinakwenda, na franga hazirudi.

Kijana huyo hakukosea. Yeye amezoea FIFA, na katika FIFA duara ni shuti, mraba ni krosi. Sasa amewekewa Pro Evolution Soccer, ule ambao wengi bado wanauita Winning Eleven, na humo mambo yamegeuzwa: mraba ndio shuti, duara ni krosi. Kampuni mbili, mpira uleule, maneti ileile, lakini vidole vinapewa amri mbili tofauti. Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa iko ndani ya diski yenyewe. Kuna ukurasa wa mipangilio ya vitufe unaoweza kufunguliwa kabla ya mechi. Mgeni hajui kwamba upo, na mwenye nyumba hana haraka ya kumwonyesha.

Wakubwa waliocheza zamani husema vijana wa leo ni walegevu. Vijana nao husema waliotengeneza michezo hiyo hawakujua kazi. Wote wanakosea kidogo, maana vitufe hivyo vina historia yake.

PlayStation ya kwanza ilianza kuuzwa Japani Desemba 1994, na maneti yake haikuwa na vijiti vile viwili vya kusukuma kwa kidole gumba. Ilikuwa na vitufe vinne vya kuelekeza: juu, chini, kushoto, kulia. Vijiti vilikuja 1997. Katikati ya miaka hiyo, watengenezaji walitakiwa kumtembeza mtu ndani ya nyumba yenye vyumba na ngazi kwa vitufe hivyo vinne.

Mfano unaojulikana sana ni Resident Evil, mchezo wa Capcom uliotoka Machi 1996 chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Humo kamera imefungwa mahali pamoja, kama mlinzi aliyekaa kwenye kona ya dari. Mchezaji akivuka hatua chache, picha inakatika na kamera nyingine inaanza upande mwingine. Kama kitufe cha juu kingemaanisha kwenda juu ya kioo, kila kamera ikibadilika mtu angejikuta anarudi alikotoka. Ndiyo sababu walichagua njia nyingine: juu ni kwenda mbele, popote mtu alipoelekeza uso, na kushoto na kulia ni kugeuka palepale aliposimama. Watu wakauita mwendo wa kifaru, kwa maana kifaru cha vita nacho hugeuka hivyo. Anayeucheza leo mara ya kwanza hujikuta anazunguka ukutani huku maiti inayotembea ikimng'ata shingo.

Wapo wanaosema shida hiyo ndiyo iliyoleta woga, na hawasemi uongo. Mchezo huo ulipotolewa upya kwa mashine mpya mwaka 2015, uliongezewa mwendo wa kisasa. Anayeutumia humzunguka adui kwa urahisi, na hofu inapungua. Tomb Raider ya 1996, iliyotengenezwa na Core Design ya Derby, Uingereza, inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Sakafu yake imejengwa kwa miraba iliyo sawa. Anayejua hurudi nyuma hatua moja, anakimbia, anaruka, na mguu unaangukia pale palipopimwa. Mwaka 2024 ilirudishwa ikiwa na mwendo mpya, na baadhi ya wachezaji wakarudia ule wa zamani kwa sababu miruko ilipimwa kwa huo.

Lakini kitu kuwa na sababu hakutoshi kumlazimisha kila mtu. Matoleo hayo mapya yalifanya jambo la haki: yaliacha njia zote mbili, mtu achague. Na hata mazoea hudanganya. Mwaka 2000 ulitoka Alien Resurrection, kijiti cha kushoto kikiwa cha kutembea na cha kulia cha kutazama. Mwandishi mmoja wa habari za michezo alilalamika sana juu ya mpango huo. Leo karibu kila mchezo wa kupiga risasi kwa maneti unatumia mpango huohuo.

Sasa, nani anabeba mzigo huu? Si tajiri wa Tokyo anayekusanya diski za kale. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 na ikaachwa kutengenezwa 2013, lakini mitaani bado inafanya kazi kwa sababu ni ya bei ndogo na fundi wa mtaa anaijua. (Ilianza kuuzwa Machi 2000, mwaka uleule bei ya koltani ilipopaa na watu wa Kivu wakakimbilia mashimo. Jembe limerudi kwa mkulima likiwa limeshachakaa.) Mtoto wa familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru anakutana na mashine hii akiwa mgeni mtaani, mgeni kwa watoto wenzake na mgeni kwa vitufe. Dakika alizolipia labda ndizo pekee za siku hiyo ambazo hatumwi maji wala kuni. Akizimaliza akizunguka ukutani na kuchekwa, kesho hatarudi.

Yuko pia mwenye kidole kilichokatika au mkono usiokunjuka vizuri. Michezo mingi ya wakati ule humpa mipango miwili au mitatu iliyokwisha pangwa, basi. Hakuna anayemuuliza kitufe gani anaweza kukifikia.

Wenye nyumba za michezo hawawezi kurekebisha kilichofanyika Japani mwaka 1996. Wanaweza kuandika kwenye kipande cha katoni juu ya televisheni: FIFA, shuti ni duara, PES, shuti ni mraba. Wanaweza kumwachia mgeni dakika tano za kujaribu bila kulipa. Na mteja akiomba mraba na duara vibadilishwe, abadilishiwe kabla saa haijaanza kuhesabiwa.