Mmea Alioacha Mama

Dada mmoja miongoni mwa wasomaji wetu ametuletea swali ambalo tumeona ni vyema tulijibu mbele ya wote. Marehemu mama yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alimwachia chungu kimoja cha koliasi, ule mmea wa mapambo ambao majani yake ni mekundu ya zabibu na ukingo wa kijani, mithili ya leso na pindo lake. Sasa mashina yamerefuka na kukakamaa, majani yamebaki nchani tu, na kila akiukaribia na kisu mkono humtetemeka. Auliza: kuukata si kuumaliza?

Tunamjibu kwamba asipoukata ndipo utakapomalizika. Koliasi haiishi miaka mingi. Hata ikitunzwa vyema huchakaa. Mbegu zake nazo si za kutegemewa, kwani miche yake aghalabu hutoka na rangi nyingine. Kipandikizi cha shina ndicho kirudishacho mmea ule ule, rangi kwa rangi.

Basi na achague ncha changa zisizo na maua, kila moja nusu shubiri, yaani sentimita 10 hivi. Akate chini kidogo ya kifundo, pale yanapotokea majani mawili, kwani hapo mizizi huchipuka kwa wepesi. Majani ya chini ayaondoe; jani lililozama huoza na kuliozesha shina. Kisha avitie katika gilasi ya maji, penye mwanga lakini si juani. Akate vitano au sita, maana kimoja wapo huenda kikaharibika.

Juu ya maji tuna neno. Visima vingi vya mwambao wetu vina chumvi, nayo huunguza mizizi michanga. Yafaa maji ya mvua au ya mfereji. Tena yabadilishwe kila baada ya siku mbili. Mombasa imeonja homa ya dengi zaidi ya mara moja, na mbu wake hutaga katika vyombo vidogo vya maji majumbani. Gilasi iliyosahauliwa nyuma ya pazia humtosha. Maji ya zamani yamwagiwe mrehani uani, ambao, kwa asiyejua, ni jamaa wa koliasi: papasa mashina yao, yote yana pembe nne. Mrehani nao huoteshwa kwa njia hii hii.

Mizizi huonekana baada ya wiki moja au mbili. Ikifika sentimita 3, avihamishie katika udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza, chombo kiwe na matundu chini, na kikae kivulini. Siku za mwanzo majani hulegea. Asishtuke akaugharikisha mmea. Ukishika, adonoe ncha yake ili utoe matawi, na maua ayachume mapema. Sisi hatuyaoni kuwa na uzuri wa kulipia nguvu yanazokula.

Mmea mzee asiutupe mpaka vichanga vishike.

Ametueleza pia kwamba ndugu zake wawili wameolewa Malindi na Lamu, nao wautamani. Vipandikizi vilivyokwisha kutoa mizizi husafiri vyema: aifunge mizizi kwa kitambaa kibichi, avisimamishe ndani ya mkebe, na msafiri asiuweke upande wa basi unaopigwa na jua.